Sura ya 5: Mali Bila Daftari

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 nilikuwa nimeinamia karai, nafua sare za shule za wiki iliyokuwa mbele yetu. Redio ya jirani ilikuwa juu, kama ilivyo kawaida ya ploti yetu hapa mtaani Shauri Moyo, Nairobi, nayo ndiyo iliyonipa habari: Rais Uhuru Kenyatta ametangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Nilizisuuza zile sare nikazianika. Zilipokauka nilizikunja nikazitia kwenye sanduku chini ya kitanda, nikiwa na hakika kwamba baada ya wiki tatu nne nitazitoa. Siku shati la kifunguamimba wangu lilipotoka mle sandukuni, lilimbana mabegani, na mikono yake ilikomea katikati ya kigasha.

Wakati ule kifunguamimba alikuwa Darasa la 7, binti yangu Gredi ya 4, na kitindamimba PP1 ya chekechea. Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Meza moja. Simu yenye intaneti moja, na hiyo ilitoka nami kila asubuhi kwa sababu ndiyo ninayopokelea malipo ya wateja. Nauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Machi serikali ikasimamisha uingizaji wa mitumba nchini, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi Agosti. Basi nikajikuta na kazi mbili kwa pamoja: kutafuta mabelo yaliyosalia mjini, na kuhakikisha watoto watatu hawasahau kusoma.

Marehemu mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na kila alipofunga hesabu za mwezi alirudia methali moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliielewa kuwa ni methali ya pesa. Mwaka 2020 ulinifunza kwamba siku za mtoto nazo ni mali, na zikikosa daftari zinapotea vivyo hivyo. Huoni mwizi, husikii kishindo. Unashtukia tu mwezi umekwisha. Tarehe 7 Julai mwaka ule, Waziri wa Elimu George Magoha alipotangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 hautahesabiwa, wazazi wengi tulishika vichwa. Lakini kufikia siku hiyo ukuta wetu ulikuwa na miezi mitatu ya karatasi juu yake, na karatasi zile zilikuwa zikiniambia kwamba, hata kama mwaka umefutwa kwenye kalenda ya serikali, kwa watoto wangu haukwenda bure.

Sura hii ni juu ya karatasi hizo. Nimeiandika kwa ajili ya mzazi anayefunza watoto nyumbani kwa sababu yoyote ile: ugonjwa, mgomo, likizo ndefu ya Desemba, karo iliyochelewa, au hamu tu ya kuongezea yale ya shule.

Ratiba iliyokufa Jumatano

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo naamini wazazi wengi walilifanya. Nilichukua ratiba ya shule nikaihamishia nyumbani. Nilipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: vipindi vya dakika 35 kwa wakubwa, dakika 30 kwa mdogo, mapumziko saa nne, chakula saa saba. Watoto watatu, vipindi vinane kila mmoja. Mistari 24 kwa siku moja, katika chumba kimoja.

Jumatatu ilikwenda vizuri, na Jumanne tulijikaza. Jumatano, kipindi cha tatu kikiwa ndio kwanza kinaanza, maji yakaja. Anayeishi mitaa ya Eastlands anajua maana ya maneno hayo mawili. Maji huja kwa zamu, na yakija hayasubiri mtu amalize kusoma aya. Mitungi ikatoka, foleni ikapangwa, kifunguamimba akabeba, binti akalinda nafasi kwenye mfereji. Waliporudi ndani ilikuwa saa sita kasoro. Binti yangu akatazama ratiba ukutani, akaona vipindi vitatu vimempita, akaanza kulia. "Tumeshachelewa," aliniambia nilipofika jioni. "Mwalimu atatukuta tumebaki nyuma."

Usiku ule niliibandua ratiba. Ratiba ya shule husimama juu ya nguzo tatu: kengele, mwalimu na darasa. Kengele hunyamazisha kila kitu kingine. Mwalimu hana kazi nyingine saa ile. Darasani hakuna sufuria jikoni wala mtoto wa jirani mlangoni. Nyumbani kwetu hapakuwa na nguzo hata moja kati ya hizo, nami nilikuwa nimeezeka paa tupu hewani.

Jina la mtaa wetu lasema kwamba jambo limo moyoni mwa mtu. Moyo tulikuwa nao tele. Tulichokosa ni karatasi inayolingana na nyumba yetu.

Kamera na fagia

Jibu nililipata kazini. Belo la mitumba linapofunguliwa Gikomba, hakuna anayeanza kupanga nguo zote kwa utaratibu wa alfabeti. Kamba zinakatwa, plastiki inachanwa, na mikono inaingia kutafuta kamera. Kamera ni zile nguo safi, ambazo rangi na mishono yake ni kama zimetoka dukani. Hizo ndizo zinazorudisha pesa ya belo. Baada yake zinatolewa za daraja la pili. Zinazobaki chini kabisa ni fagia, za kuuza kwa bei ya kumaliza. Mfanyabiashara akitoa kamera zake mapema, hata mvua ikinyesha saa nane siku yake haijaharibika. Akianza na fagia, atakuwa ameshughulika kutwa nzima na mtaji haujarudi.

Nikajiuliza: siku ya mwanangu ikiwa ni belo, kamera zake ni zipi?

Tangu Alhamisi ile kila mtoto akawa na kamera tatu kwa siku. Tatu tu. Tuliziandika jioni, baada ya chakula. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, saa hiyo hakuna aliyekuwa nje. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita niligawa safu tatu, moja kwa kila mtoto. Penseli nikaifunga kwa uzi kwenye msumari uleule ulioshika kalenda, maana penseli ya nyumba yenye watoto watatu isipofungwa haina makao.

Hii hapa ni orodha ya Jumanne moja ya mwezi wa Mei, kama ilivyo kwenye karatasi niliyoihifadhi.

Kifunguamimba:
1. Fanya maswali 6 ya sehemu, uonyeshe njia.
2. Andika insha ya Kiswahili, ukurasa mmoja: "Siku maji yalipokosekana".
3. Msomee mdogo wako hadithi moja, umuulize maswali mawili.

Binti:
1. Soma kwa sauti kurasa 2 za kitabu cha Kiingereza, kaka yako akisikiliza.
2. Hesabu mitungi: tuna lita ngapi, tutumie ngapi kwa siku?
3. Andika jedwali la 7 bila kuangalia.

Kitindamimba, ambaye hakujua kusoma bado, orodha yake ilikuwa ya michoro: kikombe (osha kikombe chako), mkono wenye vidole vitano (hesabu vitu hadi tano, mara tano), na jicho juu ya kitabu (keti na kaka akusomee).

Chini ya kamera palikuwa na mstari mnene, na chini ya mstari mambo mengine: kuchora, kupanga vitabu, sayansi ya kuotesha maharagwe kwenye pamba, kurudia mazoezi ya jana. Hayo yakifanyika, heri. Yasipofanyika, hakuna kilio. Siku ya maji, siku ya homa, siku jirani amefiwa, kamera tatu ziliweza kutoka bado.

Watoto waliushika mfumo huu kwa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu lugha yake waliijua. Binti yangu alifika mahali akawa ananiuliza tukiandika, "Mama, hii ya maji ni kamera ama ni fagia?" Swali hilo lina thamani kubwa. Mtoto anayeuliza lipi litangulie ameanza kujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hatujalimaliza.

Kitenzi na mwisho

Naomba usimame nami kwenye karatasi hiyo kidogo, maana siri yake imo katika namna ya kuandika.

Wiki za mwanzo nilikuwa naandika "Hesabu". Jioni namuuliza mtoto, "Umefanya hesabu?" Anasema ndiyo. Nafungua daftari, nakuta maswali mawili. Nafoka, naye ananuna, kwa sababu kwa haki yake alifanya hesabu. Kosa lilikuwa langu. "Hesabu" ni jina la somo, na somo halina mwisho. Mtu aweza kulisoma hadi uzeeni. "Fanya maswali 6 ya sehemu, uonyeshe njia" ina kitenzi kinachomwambia mtoto mikono yake ifanye nini, na ina mwisho ambao sisi wote wawili tunauona. Ama maswali ni sita au si sita. Ugomvi ukaisha, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Kipimo changu ni hiki: kabla hujaandika jambo kwenye orodha ya mtoto, jiulize kama mtoto mwenyewe, wewe ukiwa hupo, ataweza kujua limekwisha. Kama hataweza, bado hujaliandika. Ligawe hadi liwe hivyo.

Angalia tena kamera ya pili ya binti. Tulikuwa na mitungi 6 ya lita 20, na maji tulitarajia yarudi baada ya siku 3. Alikaa sakafuni mbele ya mitungi, daftari magotini. Lita 120. Akagawa kwa siku 3, akapata 40 kwa siku. Akatuhesabu tulivyo wanne, akagawa tena: lita 10 kila mtu, za kuoga, kupikia, kufulia na kunywa. Niliporudi nilikuta amechora alama kwa chaki kwenye ubavu wa mtungi, na amemkataza kaka yake kuoshea viatu. Ile ilikuwa hesabu ya kugawa, ilikuwa elimu ya mazingira, na ilikuwa shughuli ya nyumba ambayo ingefanyika hata kama shule zingekuwa wazi. Ukiandika orodha macho yakiwa nyumbani kwako badala ya kwenye kitabu peke yake, utagundua kwamba nusu ya vifaa vya kufundishia unavyo tayari: mizani ya mama mboga, risiti ya tokeni za stima, chenji ya mkate, ukanda wa kupimia wa fundi cherehani.

Kazi za simu na kazi za daftari

Wakati ule tuliambiwa masomo yako hewani, na kweli yalikuwako. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ilirusha vipindi kupitia redio za KBC na kwenye runinga kupitia Edu Channel. Akili Kids, kituo cha runinga cha watoto, kilianza kurusha matangazo tarehe 31 Machi, shule zikiwa zimefungwa majuma mawili tu. Aliyekuwa na simu ya kawaida aliweza kupata mazoezi ya Shupavu 291 kwa ujumbe mfupi. Vitu vizuri vilikuwa vingi. Lakini kitu kizuri kikipita saa tatu asubuhi na wewe uko Gikomba na simu yako, kwa mtoto wako ni kama hakikuwapo.

Hapa tena orodha ndiyo iliyotutoa. Tulichora duara dogo kando ya kila jambo linalohitaji simu, na nyota kando ya linalohitaji redio. Mambo yasiyo na alama yalikuwa ya daftari, yakafanywa mchana. Ya nyota yalifuata saa za kipindi, na kifunguamimba ndiye aliyekuwa mlinzi wa saa. Ya duara yalisubiri jioni nikirudi, na tuliyafanya kwa foleni, dakika ishirini kila mtoto, kuanzia mdogo kwa sababu ndiye wa kwanza kusinzia. Kabla ya kuchora alama zile, kila jioni ilikuwa vita ya kugombania simu. Baada yake kila mtoto alijua zamu yake, na akijua pia kwamba anayefika zamu bila kujua anatafuta nini amekula dakika zake mwenyewe.

Ukiwa na mzazi mwenzako, au nyanya wa watoto anayeishi karibu, alama hizi zinasaidia kwa jambo la pili: zinamwonyesha yeye aliyebaki nyumbani asaidie wapi. Jirani yangu mmoja, ambaye hakupata kusoma zaidi ya Darasa la 4, alikuwa akiingia saa nne kila siku. Haulizi maswali ya hesabu. Anasimama mbele ya karatasi tu na kusema, "Nionyesheni mlipofika." Watoto wanaonyesha. Mwalimu hakuwa yeye. Yeye alikuwa shahidi, na kazi ya mtoto yenye shahidi huenda mbele.

Somo kutoka Ifakara

Wapo watakaosema kuandika jambo unalolijua ni kujidharau. Mama mwenye akili timamu ana haja gani ya karatasi kumkumbusha mwanawe asome? Kwa hao nina kisa cha watu wenye akili timamu kuliko wengi wetu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa katika chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane, katika miji kama London, Toronto, New Delhi na Manila. Mmoja kati ya miji hiyo minane ni Ifakara, mkoa wa Morogoro, Tanzania, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mambo yaliyoandikwa si ya ajabu. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua upande gani? Kuna dawa inayomdhuru? Kabla ya kumtoa, je, vifaa na vitambaa vyote vimehesabiwa? Daktari yeyote anayajua haya. Hata hivyo matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, katika hospitali zile nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Daktari Atul Gawande, aliyeongoza kazi hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya orodha kwa sababu ya yale aliyoyaona.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni sababu yake. Madaktari hawakuongezewa elimu. Waliondolewa mzigo wa kukumbuka mambo madogo, wakabaki na akili huru kwa mambo makubwa, na kila aliyekuwa chumbani, hata muuguzi mgeni wa siku hiyo, akapata ruhusa ya kusema, "Hili bado." Nyumbani kwangu ilikuwa hivyohivyo. Mambo madogo yalipohamia ukutani, nilirudi jioni nikiwa na nafasi kichwani ya kumsikiliza mtoto. Na kitindamimba wa miaka mitano alipata ruhusa ya kumwambia kaka yake mkubwa, kidole kikiwa kwenye mchoro wa jicho juu ya kitabu, "Hii bado. Hujanisomea."

Kilichonishinda

Nimezungumza juu ya orodha ya mambo yatakayofanyika. Ipo orodha nyingine ambayo kwa maoni yangu inaizidi, nayo ni ya yaliyofanyika.

Nilinunua kaunta-buku moja. Kila jioni, kabla ya kuandika kamera za kesho, kila mtoto aliandika mistari miwili. Wa kwanza: leo nimefanya nini. Wa pili: nini kimenishinda. Kitindamimba alituambia, nasi tukamwandikia.

Mstari wa kwanza ulitutia moyo. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi saba anaona kama amesimama mahali pamoja. Akifungua kurasa za nyuma anakuta insha kumi na nne, majedwali yote hadi 12, vitabu vitano vilivyokwisha.

Mstari wa pili ndio uliotufundisha. Binti yangu aliandika "kugawa kwa njia ndefu" tarehe 4 Juni. Akaandika tena tarehe 9, na tarehe 15. Kama angenieleza kwa mdomo, ningesema "jitahidi", nikasahau. Kwenye karatasi niliona jambo moja likirudi mara tatu, nikaelewa kwamba hapa kuna kisiki. Mimi mwenyewe njia ile ilikuwa imenitoka. Nilikwenda na daftari lake hadi kwa kijana mmoja fundi wa Kamukunji, anayekunja mabati ya masanduku na kugawa vipimo siku nzima. Alimchorea binti yangu hesabu ile kwa chaki juu ya bati, hatua kwa hatua, akimwonyesha kwamba kinachobaki hakitupwi, kinashushwa chini na kuungana na tarakimu inayofuata. Tarehe 18 Juni mstari wake wa pili ulisema: "Leo hakuna."

Serikali iliporuhusu baadhi ya madarasa kurejea tarehe 12 Oktoba 2020, Gredi ya 4 walikuwa miongoni mwao, pamoja na Darasa la 8 na Kidato cha 4. Binti yangu alivaa sare akaenda, ndugu zake wakabaki hadi tarehe 4 Januari 2021. Wiki ile ya kwanza mwalimu wake aliwauliza wazazi watoto walikuwa wakifanya nini. Nilimpelekea kaunta-buku. Aliifungua akasimama nayo mlangoni mwa darasa, akipekua kurasa taratibu, na mahali alipokaa zaidi ni kwenye ile mistari ya pili. Alipoinua macho aliniambia, "Mama, hapa umenipunguzia kazi ya mwezi mzima. Najua nianzie wapi."

Mipaka ya karatasi

Nisingependa umalize sura hii ukidhani karatasi hufanya miujiza. Kuna mambo matatu ya kuyalinda.

La kwanza, orodha isigeuke kiboko. Siku nilipoanza kusema "ngoja nione karatasi yako" kwa sauti ya kutisha, watoto walianza kuweka tiki kwenye mambo ambayo hawakuyafanya. Nilijilaumu, tukazungumza, tukakubaliana kwamba jambo lisilofanyika linapigiwa mstari na kupelekwa kesho, bila swali. Uongo ukakoma. Mtoto akiiogopa karatasi ataipa kile inachotaka kuona, na hapo daftari limekufa.

La pili, iwe yao. Mwezi wa kwanza niliandika mimi. Mwezi wa pili walipendekeza, nikaandika. Mwezi wa tatu waliandika wakubwa wenyewe, mimi nikapitia. Ukiona miezi sita imepita na kalamu bado iko mkononi mwako, orodha inakufaa wewe peke yako.

La tatu ni la sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi nchini Kenya ahakikishe mtoto wake ameandikishwa na anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Ninachofundisha hapa ni kuifanya nyumba iwe mshirika wa shule. Anayetaka kumtoa mtoto shuleni kabisa, kwanza apate ushauri wa mwanasheria.

Kalenda yetu bado ipo kwenye msumari wake, ingawa imebadilishwa mara kadhaa. Kifunguamimba alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Machi 2022, akaitwa Kidato cha 1 katika shule ya bweni. Mwezi wa Mei, jioni kabla ya safari, nilikaa kumwandikia vitu vya kubeba: blanketi, sabuni, viatu, godoro. Akaniambia, "Usijali, Mama," akanionyesha karatasi aliyokwisha kuiandika, kamera tatu zikiwa juu ya mstari mnene.

Asubuhi alipokwisha kuondoka niliona kwamba kwenye safu ya mdogo wake ameacha orodha ya wiki nzima, kwa mwandiko wake uleule ulioinamia kulia. Soma kurasa 3. Fanya maswali 5. Msaidie Mama kubeba maji. Na juu kabisa, kabla ya maneno yote, alikuwa amemchorea kikombe, ingawa mdogo wake siku hizo alikuwa tayari anajua kusoma.